Mchezo Ulio Kito na Mchezo Ulio Mtego

Mama mmoja wa mtaani kwetu, anayejulikana kwa mahamri na mbaazi zake, alitujia asubuhi moja akiwa ameshika simu, na machozi hayako mbali. Fedha alizokuwa akizidunduliza katika simu hiyo kwa ajili ya karo ya muhula, zaidi ya shilingi 3,000, zilikuwa zimekwisha. Hakuibiwa na mtu. Mwanawe wa miaka 11 alikuwa akicheza mchezo wa kandanda katika simu ya mamake, na mchezo huo ukamwuzia vifurushi vilivyofungwa, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikimwahidi kwamba huenda ndani yake mna mchezaji hodari. Mtoto alinunua vifurushi 14. Hodari hakutoka.

“Nyinyi mlosoma, nambieni,” alisema yule mama. “Hii michezo yote si mamoja? Niivunje hii simu nipumzike?”

Tulimpa pole, na kwa haya tukakiri kwamba hatukuwa na jibu la papo hapo. Mumewe alikuwa amekwisha kutoa hukumu yake: michezo yote ya video ni upuuzi, na dawa yake ni kuipiga marufuku. Hukumu hiyo ni nyepesi na twaielewa. Ila ina dosari moja. Anayesema vitabu vyote ni takataka hubaki hana neno la kumwambia mwanawe siku atakapomkuta na kitabu kiovu, kwa kuwa mtoto hajapata kuonyeshwa kitabu chema kikoje. Ndiyo maana juma hili tumeona tuligeuze swali. Madhara ya michezo ya video yameandikwa sana, na sisi wenyewe tumeyaandika katika kurasa hizi. Leo twauliza: mchezo wa video uliotengenezwa vyema kabisa, unaostahili kuitwa kazi bora kama vile jengo, shairi au zulia lililofumwa kwa mkono huitwa kazi bora, ukoje? Maana upo, tena zaidi ya mmoja.

Tuanze na Moscow, mwaka 1984. Katika kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi ya Kisovieti alikuwako mtaalamu kijana, Alexey Pajitnov, aliyependa mno mafumbo ya kupanga vipande. Fumbo moja lilikuwa na vipande 12, kila kimoja kimeundwa kwa miraba mitano, na kazi ya mchezaji ilikuwa kuvirudisha vyote katika kisanduku chake pasi na nafasi kubaki. Pajitnov alitaka kuliingiza fumbo hilo katika kompyuta aliyokuwa nayo, Elektronika 60, chombo ambacho hakikuweza kuchora picha yoyote. Kiliandika herufi na alama tu. Basi vipande vyake akaviunda kwa alama za mabano. Kisha akaona vipande 12 ni vingi mno kwa mtu kuvizingatia kwa haraka, akapunguza miraba kutoka mitano hadi minne, na maumbo yakabaki saba.

Alipovifanya vipande vianguke kutoka juu, mchezaji akivigeuza na kuvisogeza kabla havijatua, mchezo ulikuwa ukimalizika kwa muda mfupi sana kwa kuwa skrini ilijaa upesi. Hapo ndipo lilipomjia wazo lililoutia uhai: mstari ukijaa kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na ufutike. Kwa kanuni hiyo moja, fumbo la mezani likawa Tetris. Ulichokipanga vyema chaondoka na kukuachia nafasi, na ulichokipanga vibaya chakaa pale pale mbele ya macho yako mpaka ukitengeneze. Vipande navyo haviachi kushuka, na kadiri unavyoendelea ndivyo vinavyozidi kasi.

Twaomba msomaji atazame jinsi vitu vilivyomo ni vichache. Maumbo saba, shimo lenye upana wa miraba 10 na kina cha miraba 20, na sheria ambayo mtoto huielewa bila kusomewa. Hamna hadithi, hamna adui, hamna damu. Hata hivyo, tangu mwaka huo hadi leo, wanadamu hawajamaliza kugundua njia za kuucheza. Wazee wetu wanaokaa na bao barazani hawatashangaa. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na mtu aweza kufundishwa kutakata kwa alasiri moja, kisha akaishi miaka 50 akiendelea kufungwa na mzee anayejua ni lini aitumie nyumba na ni lini aiache itulie. Kanuni chache zikizaa mambo yasiyokwisha, hiyo ni alama ya kwanza ya mchezo mkubwa, na alama hiyo ilikuwako zamani sana kabla ya umeme.

Mnamo mwaka 1985 kijana wa shule, Vadim Gerasimov, aliyekuwa na miaka 16, aliuhamishia mchezo huo katika kompyuta za aina ya IBM, na ukaanza kusambaa Moscow kwa kunakiliwa kutoka mkono hadi mkono bila ya kuuzwa. Husimuliwa kwamba rafiki yake Pajitnov, mtaalamu wa saikolojia Vladimir Pokhilko, aliupeleka katika taasisi yake ya utabibu, na kazi zikasimama kwa sababu kila mtu alikuwa akipanga vipande, hata ikambidi azifute nakala zote. Kisa hiki hatukifichi, ingawa chaweza kuonekana kinatupinga. Mchezo mwema nao waweza kumpotezea mtu saa zake. Hata bao humchelewesha mtu sokoni. Tofauti tutaifikia.

Baadaye, mwaka 1989, kampuni ya Nintendo ya Ujapani iliuza Tetris pamoja na kichezeo chake cha mkononi, Game Boy, na mamilioni ya watu wakaujua. Pajitnov mwenyewe hakuanza kufaidi mapato ya kazi yake hadi mwaka 1996. Na mwaka 2012 Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la New York lilipochagua michezo 14 ya video kuiweka katika hazina yake, Tetris ulikuwa miongoni mwake.

Kuna jambo jingine katika Tetris ambalo kwetu ndilo lenye uzito zaidi. Mchezo huu haushindiki. Wanahisabati wamethibitisha kwamba maumbo mawili yaliyopinda yakifuatana kwa wingi wa kutosha, hapana mchezaji awezaye kunusurika. Mwisho wako ni kushindwa, na wajua tangu mwanzo. Ila hushindwi kwa hila. Kila kipande kilichokuangusha ulikiona kikija, na mkono uliokiweka ni wako. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvulana wa miaka 13 huko Oklahoma, Marekani, aliucheza mchezo huo wa Nintendo kwa muda mrefu na kwa kasi kubwa kiasi kwamba mashine yenyewe ilishindwa kuendelea, ikaganda. Hakuna aliyejulikana kuufikisha hapo kabla yake. Mtoto huyo hakununua nguvu za ziada, wala hazikuwapo za kuuzwa. Alikuwa na vidole vyake na mazoezi yake.

Sasa twende Kyoto, Ujapani, mwaka 1985, kwa mchezo ambao wazazi wengi walioko katika miaka ya arubaini wataukumbuka kutoka vibanda vya michezo vya mjini au sebule ya jamaa aliyerudi safari: Super Mario Bros. Waliouongoza ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Mhusika wake ni fundi wa mifereji mwenye masharubu na kofia nyekundu, na hadithi yake, kusema kweli, ni ya kitoto: binti mfalme ametekwa nyara na lazima aokolewe. Hadithi hiyo haikuufanya mchezo kuwa kazi bora. Kilichoufanya hivyo ni jinsi unavyofundisha.

Mchezo unapofunguka, fundi huyo amesimama kushoto mwa skrini akitazama kulia, na mbele yake pana uwanda mtupu. Hakuna maandishi ya kukuambia uende wapi, bali mahali alipowekwa panakuambia. Unakwenda kulia. Mara anatokea kiumbe mdogo mwenye sura ya hasira akikujia. Usipofanya kitu, akikugusa unakufa, na hasara yako ni sekunde chache tu, kwa kuwa ulikuwa umeanza sasa hivi. Mara ya pili unaruka. Ukiruka, huenda ukampondaponda, ukajua kwamba wa kumkanyaga hukanyagwa, au ukagonga kwa kichwa tofali linalong'aa lililo juu yako, likatoa sarafu. Unagonga jingine na unatoka uyoga. Mchezaji ambaye ametoka kuuawa na kiumbe mwenye umbo linalokaribia la uyoga ataogopa. Lakini uyoga huo huteleza kwenda kulia, ukagonga bomba, ukageuka na kurudi ulipo wewe, na mahali penyewe pamebanwa na matofali juu, hata kuukwepa ni taabu. Unakugusa, nawe unakua mkubwa. Umejifunza kwamba si kila kitu kinachokujia ni adui.

Yote hayo huchukua chini ya dakika moja, na hapana neno lililosemwa. Miyamoto ameeleza katika mazungumzo yake na waandishi kwamba sehemu hiyo ya mwanzo ilipangwa hivyo kwa makusudi, ili mchezaji afahamu mwenyewe kisha ajione ameugundua mchezo. Sisi tuliopata kufundishwa kwa kiboko na tuliopata kufundishwa na mwalimu mwenye hekima twaijua tofauti. Mwalimu hodari hukuwekea swali mahali utakapolikwaa, akakuachia nafasi ya kukosea pasipo kuumia sana, kisha akanyamaza. Kazi ya namna hii ni ngumu kuliko kuchora majoka yanayotema moto. Michezo mingi ya leo yenye picha za kupendeza mno huanza kwa kurasa na kurasa za maelezo, kama mwenyeji asiyeamini kwamba mgeni wake aweza kuuona mlango.

Hadi hapa tumezungumzia ufundi. Je, mchezo waweza kumgusa mtu moyo? Mhakiki mashuhuri wa filamu wa Marekani, Roger Ebert, alishikilia kwamba michezo ya video haiwezi kuwa sanaa, na walioudhika walikuwa wengi. Twadhani alikuwa akitafuta mahali pasipo penyewe. Alitazama mchezo kama mtu atazamavyo filamu, akitarajia kuonyeshwa kitu. Mchezo husema kwa kile unachokuruhusu kutenda na kile unachokunyima.

Chukua Journey, uliotolewa mwaka 2012 na kikundi kilichoongozwa na Jenova Chen. Wewe ni msafiri aliyevaa joho na mtandio mrefu, peke yako katika bahari ya mchanga, na kwa mbali pana mlima wenye mwanga kileleni. Unatembea kuuelekea. Njiani unaweza kumwona msafiri mwingine kama wewe, naye ni mtu wa kweli, anayecheza wakati huo huo mahali popote duniani. Hujui jina lake, taifa lake wala umri wake. Hamwezi kuandikiana. Mnachoweza ni kutoa mlio mmoja kama wa ndege, na mkikaribiana, mitandio yenu hupata nguvu ya kuwainua hewani.

Watengenezaji walieleza kwamba mwanzoni, mchezo ulipokuwa bado wajengwa, wasafiri waliweza kusukumana, nao walitumaini kwamba watu watasukumana ili kusaidiana kupanda. Badala yake watu walisukumana mashimoni. Wangeweza kukata tamaa na wanadamu, au kuandika onyo. Wao waliiondoa nguvu ya kusukuma, na kukaribiana wakakufanya kuwe na faida. Mara wageni wale wale wakaanza kungojana njiani, na kuitana kwa milio wanapopotezana katika theluji karibu na kilele. Mwisho wa safari, baada ya saa mbili hivi, ndipo mchezo unapokuonyesha majina ya uliokutana nao. Tunamjua mtu mzima, baba wa watoto watatu, aliyetuambia kwamba alikaa kitako akilitazama jina la mtu asiyemjua kwa dakika nzima.

Uko pia mchezo wa huzuni zaidi, Papers, Please, alioutengeneza Lucas Pope mwaka 2013, ambamo wewe ni karani wa mpakani katika nchi ya kubuni yenye serikali kali. Kazi yako ni kukagua pasipoti na vibali, na kila siku masharti yanaongezeka. Mke amekuja bila ya karatasi moja, na mumewe amekwisha kuvuka. Ukimpitisha, unakatwa mshahara, na nyumbani mwanao anahitaji dawa. Si mchezo wa watoto, na tungewashauri wazazi wauache uwe wa wakubwa. Lakini msomaji wetu wa Pwani aliyepata kupanga foleni tangu alfajiri kutafuta kitambulisho, akaulizwa cheti cha babu yake, ataelewa kwa nini tunautaja. Huu unakukalisha upande wa pili wa dirisha, na unaona jinsi mtu wa kawaida, mwenye njaa yake, anavyofikia kumwambia mwenzake “rudi kesho.” Sisi tulipoucheza hatukupenda tulivyojiona.

Turudi sasa kwa simu ya yule mama. Mchezo wa kandanda uliomaliza fedha zake umetengenezwa kwa ustadi mkubwa, na itakuwa si haki kuukana. Majani ya uwanja yanaonekana kama majani, na jasho la wachezaji kama jasho. Lakini tukiuweka kando ya tuliyoyataja twaona kwamba ustadi wake mwingi umeelekezwa kwingine. Kushindwa ndani yake hakukufunzi kucheza, bali kunakuelekeza dukani. Hauna mwisho, kwa kuwa mwisho ungemruhusu mtoto kuondoka. Kila siku una zawadi ndogo ambayo asipoingia huikosa. Na kile kifurushi kilichofungwa, ambacho hujui kilichomo mpaka uwe umekwisha kulipa, wala sisi hatuhitaji kukitafutia jina jipya. Jina tunalo, kamari, na hukumu yake kila nyumba inayosoma jarida hili yaijua. Hata wasioshika dini yetu wameliona hilo: mwaka 2018 tume ya michezo ya bahati nasibu ya Ubelgiji iliamua kwamba vifurushi vya aina hiyo katika baadhi ya michezo mashuhuri vinavunja sheria ya nchi ya kamari.

Tulisema tutaifikia tofauti baina ya hayo na Tetris uliosimamisha kazi za watu Moscow. Ni hii. Pajitnov alitengeneza kitu alichokipenda yeye mwenyewe, watu wakanogewa. Mtengenezaji wa mtego huanza na swali la namna ya kumzuia mtu asiondoke, kisha akakitafuta kitu cha kumzuilia. Mtu aweza kunogewa na asali mpaka akaumwa tumbo. Hilo silo sawa na kuwekewa asali juu ya ulimbo.

Yuko hata aliyetambua mwenyewe kwamba amevuka mpaka. Dong Nguyen, kijana wa Vietnam, alitengeneza Flappy Bird, mchezo mdogo wa ndege anayepenya katikati ya mabomba. Mapema mwaka 2014 ukawa miongoni mwa iliyopakuliwa zaidi duniani, na matangazo yakawa yakimletea fedha nyingi kila siku. Mwezi wa Februari mwaka huo huo akauondoa madukani. Alieleza kwamba aliukusudia uchezwe kwa dakika chache mtu akiwa amepumzika, naye akaona umegeuka kuwa uraibu. Hatusemi mchezo wake ulikuwa kazi bora, kwa sababu haukuwa. Tunachosema ni kwamba mtu huyu alijiuliza swali ambalo kampuni kubwa zina wanasheria wa kulikwepa.

Kwa mzazi atakayetaka kujua mwanawe anacheza nini, hatuna njia bora kuliko kuketi naye nusu saa na kuomba kufundishwa. Mtoto hufurahi mno kuwa mwalimu wa mzazi wake. Hapo utaona kama mchezo wamtaka afikiri au wamtaka alipe, na kama akiulizwa “kwa nini umeshindwa?” ana jibu. Mtoto wa Tetris atakuonyesha kipande chenyewe alichokosea. Mtoto wa yule mama tulipomuuliza alisema, “Timu yangu haina wachezaji wa pesa.”

Simu haikuvunjwa. Tulimsaidia mama kuweka nambari ya siri katika ununuzi wote, na tukamwandikia barua ya kudai fedha zake kwa wenye mchezo. Hadi tukienda mitamboni jibu halijafika, na karo bado ina pengo. Mchezo wa kandanda umefutwa, na kwa ombi la mtoto, mahali pake pakawekwa ule wa vipande vinavyoanguka.

Juzi tulipita kununua mahamri. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kibao kando ya karai, simu mkononi, na mama, mikono yake imejaa unga, ameinama juu ya bega lake.

“Kigeuze hicho. La, si huko, kushoto. Kushoto, mwanangu!”

Tukangoja zamu yetu.